Kopo Moja, Majibu Mawili

Pale maabara walimwita Hakimu, na hakuonewa kupewa jina hilo. Mwanamke yule akishasoma sahani ya mkojo wa mtu na kuandika jibu, basi limeandikwa. Nenda kwa daktari, nenda kwa mkuu wa maabara, nenda kalie kaburini kwa babu yako, halibadiliki. Miaka kumi na minne alikuwa akiotesha mikojo ya watu wenye UTI, na sheria yake aliibandika ukutani juu ya meza yake, kwa kalamu nyekundu, ili mtu asije akasingizia hajaiona: KOPO MOJA, MDUDU MMOJA, JIBU MOJA.

Sasa Jumatatu hiyo asubuhi Hakimu alikuwa amesimama chini ya taa, sahani mkononi, anapandisha miwani, anashusha miwani, anapandisha tena. Ungemwona ungesema anatafuta kitu alichokishika. Sahani ilikuwa inamwambia jambo, na jambo lenyewe lilikuwa linamtukana.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, usije ukaniacha njiani. Mkojo unapakwa kwenye sahani yenye chakula cha wadudu, sahani inalazwa kwenye kabati la joto, kesho yake wadudu wameota vidoa, mamia ya vidoa. Hakimu anachokoa kidoa kimoja kwa kitanzi cha waya, kimoja tu, kile kinene kilichokaa vizuri. Anakipaka kwenye sahani ya pili, halafu anapanga juu yake vijikaratasi vya mviringo vilivyoloweshwa dawa, kila dawa na kijikaratasi chake. Anangoja siku nyingine. Dawa inayoua inaacha uwanja mtupu kuizunguka. Isiyoua, wadudu wanaota mpaka mlangoni pake bila haya. Ndiyo kazi yote hiyo, na kuna watu wamepona na watu wamezikwa kwa viwanja hivyo.

Sahani ya Jumatatu ilikuwa ya mama mkwe wake. Wiki mbili nyuma sahani ya bibi huyo huyo ilionyesha ikolai, mdudu wa kawaida kabisa wa UTI, na vidonge vya njano vilimfyeka. Uwanja mpana, ungeweza kuchezea mpira. Hakimu akaandika jibu kwa madaha, vidonge vikaletwa, mama mkwe akameza. Nafuu ilikuja, ikakaa siku chache, ikaondoka, homa ikarudi na mizigo yake. Leo sahani mpya, ikolai yule yule, na vidonge vya njano havimwashi wala havimzimi. Mdudu kaota mpaka kwenye ukingo wa kijikaratasi.

Ingekuwa mtu mwingine, Hakimu angesema tu aah, na kuendelea. Lakini mama mkwe huyu alikuwa na figo moja. Ya pili alikuwa nayo mumewe Hakimu. Miaka sita iliyopita figo za yule bwana, fundi wa majokofu, ziligoma, na mama yake akapanda kitandani akampa moja bila hata kuuliza itauma kiasi gani. Kwa hiyo nyumba nzima ya Hakimu, mume, watoto, kicheko cha jioni, vyote vilikuwa vinaishi kwa figo za bibi mmoja. Na sasa bibi alikuwa anashika ubavu, ubavu ule ule uliobaki na kitu.

Akili ya Hakimu ilikwenda kwanza pale zinapokwenda akili zetu sote, kwa mgonjwa. Jioni akaingia chumbani kwa mama mkwe na pakiti tupu ya vidonge mkononi.

"Mama, samahani. Hivi vidonge ulimeza vyote?"

Mama mkwe alikuwa amejilaza, redio ndogo kifuani. Aliizima kwanza. Ukiona bibi yule kazima redio, jua maneno yatakuwepo.

"Umekuja kunipekua, mkwe wangu?"

"Sikupekui, mama. Nauliza tu."

"Unauliza huku macho yako yanatazama chini ya godoro."

"Kuna watu wakipata nafuu wanaacha, ndiyo maana nauliza."

"Hao watu si mimi. Mimi nilipasuliwa nikatolewa figo nikiwa na miaka sitini, na nikatoka huko nacheka. Nitashindwa na kidonge?" Alishika ubavu, maana ulimchoma. "Nilimeza vyote kumi na vinne, asubuhi na jioni. Muulize mumeo, yeye ndiye alikuwa ananiletea maji."

Mumewe, aliyekuwa kasimama mlangoni, aliinua mikono juu. "Mimi simo." Lakini Hakimu alipotoka alimfuata mpaka jikoni, na huko hakuwa na utani. "Mama ana homa tangu Ijumaa, mke wangu. Jibu ni lipi?"

"Nitakupa."

"Lini?"

Hakimu alifungua bomba akaosha kikombe kilichokuwa safi.

Kama mgonjwa hajakosea, basi kopo limekosewa. Na kopo likikosewa, alimjua mkosaji. Jumanne asubuhi, kabla hata hajavaa koti jeupe, alikwenda moja kwa moja dirishani kwa Taratibu.

Huyu Taratibu zamani alikuwa mezani, bega kwa bega na Hakimu. Jina alilipata kwa sababu mtu yule haharakishwi. Hata akipiga chafya anaipanga kwanza. Miezi minane iliyopita, kopo la mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa makamo, lilimpa majibu mawili. Alipima, vidonge vya njano vinaua. Akarudia, haviui. Badala ya kuchagua moja akayaandika yote mawili kwenye fomu moja. Mkuu wa maabara alimwita Hakimu mbele ya watu akamuuliza, je, jambo hili linawezekana? Hakimu akanyoosha kidole ukutani tu. Kopo moja, mdudu mmoja, jibu moja. Mwenye majibu mawili kachanganya makopo. Taratibu akatolewa mezani akapelekwa dirishani, kupokea makopo na kubandika namba, na mwalimu akaandikiwa vidonge. Tangu hapo mwalimu alikuwa akirudi karibu kila mwezi na maumivu yale yale, anapewa vidonge vile vile, na anaulizwa swali lile lile, na mara nyingi muulizaji alikuwa Hakimu mwenyewe: una hakika unameza dawa zote?

"Kopo la mama yangu la Jumamosi," Hakimu alisema. "Ulilichanganya na la nani?"

"Salama tu, dada Hakimu," Taratibu alijibu. "Na nyumbani hawajambo?"

"Sina muda wa salamu."

"Basi tumesalimiana." Alifungua daftari, akatembeza kidole mstari kwa mstari mpaka Hakimu akatamani kumsukumia kile kidole. "Hili hapa. Lilikuja saa mbili kasorobo, kalileta shemeji mwenyewe. Nilibandika namba mbele ya macho yake. Kopo lililofuata lilikuja saa tatu na nusu."

"Una hakika?"

"Dada, nimekalishwa kwenye kiti hiki kwa kuchanganya makopo. Unafikiri kuna kopo linanipita hapa bila kulitazama mara tatu?"

Hakimu hakumwamini. Nasema kweli, hakumwamini hata chembe. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa hajawahi hata kushuku kwamba analo.

Mchana huo mama mkwe akalazwa. Daktari wa wodi, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimvuta Hakimu pembeni ya kitanda akiwa na fomu mbili mkononi, ya wiki mbili nyuma na ya jana, zote zina sahihi ya Hakimu.

"Dada, nisaidie. Hii inasema vidonge vinaua. Hii inasema haviui, nitumie sindano. Sasa sindano hii ni kali kwa figo. Mwenye figo mbili namchoma bila wasiwasi. Mwenye moja, nikimchoma bila sababu naweza kuiua figo ninayotaka kuiokoa. Na nikimpa vidonge vikawa havifanyi kazi, mdudu ataimaliza mwenyewe. Nimemwekea dripu ya maji ya kushikilia tu, na haitashikilia sana. Niambie moja. Mwisho Ijumaa mchana."

"Utalipata," Hakimu alisema. "Safari hii nalishughulikia kwa mkono wangu tangu mwanzo."

Na kweli alilishughulikia. Alimsindikiza mama mkwe mpaka choo cha wodini akasimama mlangoni kama askari.

"Sasa wewe unasimama hapo kufanya nini?" sauti ikatoka ndani.

"Nalinda ushahidi, mama."

"Ushahidi! Nimezaa watoto watano, hakuna aliyenilinda hivi. Hata koo inakauka, sijui huko chini."

"Pole pole tu, mama."

"Usiniharakishe kwa kuniambia pole pole."

Kopo lilipotoka, Hakimu alilifunga mwenyewe, akaliandika kwa kalamu yake, akalizungushia utepe, akatembea nalo mkononi mpaka maabara. Alipita mbele ya dirisha la Taratibu bila kulipitisha pale, na Taratibu aliona. Alirudisha macho kwenye daftari lake.

Jumatano sahani ilikuwa imeota vizuri. Vidoa mamia, vyote vya mviringo, vyote vya rangi moja, watoto wa mama mmoja kabisa. Hakimu akachokoa kinene, kama kawaida yake, akakipaka kwenye sahani mpya. Alikuwa anataka kufunika, mkono ukasita. Akachokoa na kingine, kidogo cha pembeni, akakipaka kwenye sahani nyingine. Si kwamba alikuwa na shaka, la hasha! Alitaka awe na ushahidi mara mbili, ili Taratibu akileta maneno amfunge mdomo.

Alhamisi asubuhi alizitoa sahani zote mbili kwenye kabati la joto akaziweka chini ya taa.

Ya kwanza: vidonge vya njano vinaua, uwanja mpana.

Ya pili: vidonge vya njano, hakuna uwanja. Mdudu kajaa tele.

Alizifunika. Akazifunua. Akazibadilisha mahali, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, kana kwamba zinamchezea mchezo. Kopo alilishika yeye. Kalamu yake. Utepe wake. Kitanzi kilikuwa mkononi mwake na hakuna kiumbe mwingine aliyekigusa. Akatazama tarehe za vijikaratasi vya dawa, havijapitwa na wakati. Akasoma kipimajoto cha kabati, joto lilikuwa sawasawa. Akainusa sahani. Akakaa, akainuka, akasahau alichoinukia, akakaa tena. Nakwambia kichwa kilimzunguka. Alianza kujiuliza kama siku hizi mikono yake inafanya mambo bila kumwambia. Labda ni uchovu. Labda ni macho. Labda ni uzee umeingia kwa mlango wa nyuma. Alimfikiria mama mkwe kule wodini, na mumewe anayempigia simu kila saa, na akili yake ikawa inazunguka pale pale kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti.

Mkuu wa maabara akapita. "Vipi jibu la bibi?"

"Linakuja," Hakimu alisema, na jamani, mwanamke yule alizisukuma sahani nyuma ya boksi la glavu, asizione.

"Hakimu anachelewesha hukumu leo!" Mkuu akacheka, akaenda zake.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Miezi minane nyuma palikuwa na mtu kwenye meza hii hii, ameshika sahani mbili kama hizi, na hakuzificha. Wazo hilo lilimjia Hakimu polepole. Alijaribu kulifukuza, halikufukuzika.

Alikwenda dirishani. Safari hii alisalimia.

"Habari za asubuhi, Taratibu."

Taratibu aliweka kalamu chini kwa mshangao. "Nzuri, dada. Bibi anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo. Sijui. Sijui anaendeleaje." Alitazama huku na huku. "Yule mwalimu. Kwenye sahani yake ulichokoa vidoa vingapi?"

Mtu alikohoa kwenye benchi la wagonjwa.

"Viwili," Taratibu alisema. "Cha kwanza kilinidondoka, unanijua mimi na mikono yangu, nikadhani nimekiharibu. Nikachokoa kingine cha pembeni. Baadaye nikaona cha kwanza kimeota pia, nikavisoma vyote."

"Majibu mawili."

"Majibu mawili. Na wewe umepata mawili."

Machozi yalimlengalenga Hakimu, mbele ya watu wenye makopo mkononi. Taratibu alisogeza kiti cha pili akamwashiria aingie ndani ya kibanda chake akae.

"Sielewi," Hakimu alisema. "Taratibu, mimi sielewi kitu. Ni ikolai. Nimemwangalia kwenye hadubini, ni yeye. Kote ni yeye."

"Ikolai ni jina la ukoo, dada, si jina la mtu. Ukisema fulani ni wa ukoo fulani, umenijulisha kama ni mpole au mwizi? Sura ni moja. Tofauti iko ndani, kwenye vinasaba, na ndani hakuonekani kwa hadubini. Huyu ana jeni za kung'ang'ania ukuta wa kibofu. Mwenzake hana hizo, lakini ana jeni ya kukwepa vidonge. Na wanaweza kukaa kibofu kimoja, wapangaji wa nyumba moja."

"Nani kakwambia?"

Taratibu alivuta droo. Polepole, bila shaka. Akatoa karatasi moja.

"Vile vidoa viwili vya mwalimu sikuvitupa. Niliviweka kwenye jokofu la baridi kali kabla sijahamishwa. Nina mtu niliyesoma naye, yuko chuo kikuu, wana mashine ya kusoma vinasaba herufi kwa herufi. Nikamtumia. Soma."

Hakimu alisoma. Herufi karibu milioni tano kila mmoja. Ikolai wa kwanza, ikolai wa pili, kopo moja la mkojo. Na katika kila jeni tano za huyu, karibu moja haimo kabisa kwa mwenzake. Si ndugu wa tumbo moja, hata kidogo. Na mmoja tu ndiye mwenye jeni ya kukwepa vidonge vya njano.

"Hii ilirudi lini?"

"Miezi mitano iliyopita."

"Miezi mitano! Na hukunionyesha?"

"Nilikuwekea mezani kwako, dada. Chumba cha chai, pale unapokaa."

"Si kweli."

Taratibu hakubishana. Aliigeuza karatasi. Nyuma yake palikuwa na duara la kahawia, limekauka, duara la kitako cha kikombe, na pembeni ya duara pana pengo pale kitako kilipomeguka. Hakimu alikijua kikombe kile. Alikuwa amekinywea chai asubuhi hiyo hiyo.

"Ilikaa chini ya kikombe wiki nzima," Taratibu alisema. "Nikaja kuichukua."

Hakimu alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi haikuwa na habari naye. Alishika tama. "Kwa nini hukupiga kelele?"

"Mimi?" Taratibu alisema, na nusu akacheka. Halafu utani ukamtoka, sauti ikashuka. "Nisikilize. Usichokoe kimoja, wala viwili. Chokoa kumi, vinene na vyembamba, katikati na pembeni. Na uweke na kijikaratasi cha ile dawa nyingine, ya kutundikwa kwa dripu, tusiyoipima mpaka daktari aombe. Haiumizi figo. Ukiwahi sasa hivi, kesho asubuhi unasoma."

Hakimu alichokoa kumi. Mkono uliokizoea kidoa kinene ilibidi aulazimishe kwenda pembeni. Miaka kumi na minne alikuwa anaingia mtaa wenye watu mamia, anamhoji mmoja aliyevaa vizuri, anatoka anaandika kwa niaba ya mtaa mzima. Alipiga hesabu ya mikojo iliyopita mikononi mwake, akaiacha hesabu hiyo katikati.

Ijumaa asubuhi, sahani kumi mezani. Saba vidonge vya njano viliua. Tatu havikuua. Na ile dawa ya dripu, viwanja kumi kwa kumi. Sasa ndipo alipouona mchezo wote: vidonge vya kwanza viliwapiga jamaa wa upande mmoja, wa upande wa pili wakapata nafasi wakatanuka, vidonge vilipokwisha, mabaki ya wa kwanza nao wakarudi. Mama mkwe hakuficha kidonge hata kimoja.

Lakini fomu ilikuwa na mstari mmoja. Mdudu: mmoja. Jibu: moja. Na Hakimu alijua vizuri kuliko mtu yeyote nini kinampata anayeandika mawili, kwa sababu ni kidole chake kilichomwondoa Taratibu mezani. Angeweza kuandika tu, dripu inaua, akasaini, akaenda zake. Bibi angepona na hakuna ambaye angeuliza. Alikaa na kalamu pale kwa dakika ambazo zilikuwa ndefu. Kisha akaandika, ikolai wa aina mbili katika kopo moja, vidonge vya njano vinaua mmoja tu, dripu inaua wote. Maneno yakavuka mstari, yakajaa pembeni ya karatasi. Akasaini.

Dripu ya dawa hiyo ikaanza mchana ule ule. Jumapili homa ya mama mkwe ilishuka, na vipimo vya figo vilikuwa vizuri. Mumewe Hakimu alisoma karatasi ya vipimo mara mbili, akaenda kusimama ukumbini kwa muda, peke yake.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema, redio imewashwa tena kifuani. "Umeniokoa."

"Si mimi, mama."

"Usijifanye mnyenyekevu, haikupendezi. Kama si wewe ni nani?"

"Kuna mtu alilijua jambo hili tangu zamani. Nilimfanya aondolewe mezani. Yuko dirishani anabandika namba."

Mama mkwe aliizima redio. Hakuuliza ilikuwaje, wala kwa nini. "Basi kamtoe," alisema. "Unangoja nini hapa kwangu?"

Jumatatu, kabla ya kazi kuanza, Hakimu aliweka mbele ya Mkuu wa maabara sahani kumi, fomu yake, na karatasi ya Taratibu. Mkuu alisoma, akakuna kichwa, akasoma tena, akasema haelewi, akaelezwa, akasema bado haelewi.

"Basi mrudishe Taratibu mezani akueleze yeye," Hakimu alisema. "Dirishani nitakaa mimi mpaka utakaposema."

"Wewe? Kwa kosa gani?"

"Lile lile lililomkalisha yeye."

Alipita mezani akaibandua ile sheria ya ukutani. Haikubanduka yote, neno MMOJA lilibaki limeng'ang'ania rangi, na hakuwa na muda wa kulikwangua. Taratibu alimwachia kiti, daftari na kalamu, akamwonyesha gundi ya namba ilipo. Alivaa koti jeupe, akafunga kifungo kimoja kimoja, akaingia ndani bila haraka yoyote.

Saa tatu kasorobo akaja mwalimu. Alikuwa amekonda kuliko alivyomkumbuka. Alipitisha kopo chini ya kioo, limefunikwa kwa kitambaa, na kabla Hakimu hajafungua mdomo akasema harakaharaka, kama mwanafunzi aliyechelewa shule:

"Nimemeza zote, dada. Safari hii mume wangu aliandika kila siku, na saa, karatasi hii hapa. Naapa nimemeza zote."

"Najua, mwalimu."

"Naweza kukuonyesha..."

"Najua. Ulimeza zote. Hata mara ya kwanza ulimeza zote."

Mwalimu alimtazama kupitia kioo, akakunja karatasi ya mumewe, akaikunjua, akaikunja tena. "Sasa mbona bado naumwa?" alisema.

Hakimu alifungua droo akaitoa ile karatasi ya vinasaba, na hakujua amwonyeshe kwanza upande upi, wa herufi au wa duara la kikombe.